Mishono Mitano Ubavuni

Kinyozi hajinyoi, na mganga hajigangi. Sawa, tumesikia. Lakini fundi cherehani hujishonea mwenyewe bila taabu yoyote, na hapo ndipo balaa la Bi Pindo lilipoanzia.

Bi Pindo si jina alilopewa na mama yake. Ni la mtaani, kwa sababu hakuwahi kuruhusu kitambaa kitoke dukani kwake bila kukunjwa pindo, hata kiwe kitambaa cha kufutia meza. Ukimpelekea shati ambalo fundi mwingine kaweka kola upande, atakuuliza machoni pako, "Hili limeshonwa na mtu au na mbuzi?" Kisha atalifumua lote na kulishona upya. Ulimi wake ulikuwa mkali kabla hajaugua, tusidanganyane. Nalisema mapema ili baadaye mtu asije akatwisha ugonjwa mzigo wote.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na nyuma yake chumba cha kulala. Mkabala na dirisha kubwa zilikaa cherehani mbili, ubavu kwa ubavu. Moja yake, nyingine ya mdogo wake. Walizaliwa wawili tu, wa kwanza na wa mwisho, na kati yao miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki, mdogo alikuwa hajaota meno ya ukubwani. Bi Pindo alimlea, akamsomesha, akamkalisha kwenye cherehani ya pili kabla miguu yake haijafika vizuri kwenye kanyagio. Watu walisema Bi Pindo hakuolewa kwa sababu ya ulimi. Mdogo wake alijua ni kwa sababu yake yeye, na hakuwahi kulisahau hilo.

Sasa sikiliza lilivyoingia.

Mwanzoni mwa mwaka, shule zilipokaribia kufunguliwa, wote wawili wakiwa wamezama kwenye sare za wanafunzi, gauni la kazi la Bi Pindo lilimlegea kiunoni. Gauni lenyewe la kahawia, lina mifuko miwili mikubwa ya kuwekea chaki na mkasi. Mtu mwingine angefunga mkanda, majirani wakaona, wakamuuliza, "Mbona umekonda, kuna nini?" Bi Pindo alilivua, akaligeuza ndani nje, akapitisha mshono ubavuni huku na huku kwa uzi uliokuwa tayari kwenye mashine, uzi wa buluu wa sare. Dakika kumi tu. Gauni likamkaa kama kawaida, na hakuna aliyeona kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Hawakutuambia kwamba nguo ikikukaa sawasawa, kinaweza kukula hadi kikashiba.

Alikuwa anakula, si kwamba hali. Alikula mkate mzima asubuhi na saa nne akatafuta kingine. Jasho lilimtoka hata siku za mvua, na dirisha kubwa akaliacha wazi mchana kutwa huku mdogo wake amejifunika shuka mabegani, anashona na kupiga chafya. Usingizi ulimkimbia. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi tu. Akajiambia ni kazi nyingi. Akajiambia ni umri. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Kisha ikaja oda ya mashati meupe ya wahudumu wa hoteli, mashati themanini, kila moja vitundu saba vya vifungo. Vitundu Bi Pindo alivikata mwenyewe, maana mkono wa mtu mwingine hakuuamini. Akakata kimoja, kikaenda mshazari. Akakata cha pili, vilevile. Mdogo wake akasimamisha mashine yake, akasema taratibu, "Dada, mkono wako unatetemeka. Lete nikusaidie."

Huo ndio ukatili wote alioufanya. Kusema mkono unatetemeka.

"Unakitaka kiti changu," Bi Pindo alisema.

"Dada, jamani..."

"Miaka yote umekaa hapo unanivizia! Nimekulea, nimekuvisha, nimekupa kazi ya kukuweka mjini, leo unanikagua mikono kama mtoto wa shule?" Akalisukuma boksi la vifungo kwa nguvu. Vifungo vikatawanyika sakafuni, chini ya meza, chini ya cherehani, hadi mlangoni. "Toka. Toka, na usikanyage tena kizingiti changu!"

Mdogo wake alipiga magoti, akaviokota vifungo vyote, vikubwa kwenye kopo hili, vidogo kwenye kopo lile, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Ilimchukua muda mrefu. Bi Pindo alikuwa na muda wote huo wa kusema neno moja tu la kumrudisha, na hakulisema. Mdogo akachukua mkasi wake na begi la nguo, akaenda zake.

Cherehani ya pili ikafunikwa shuka.

Jioni zile Bi Pindo alikaa dukani akiiongelesha. "Ukubwa jalala," aliiambia cherehani. "Mtu unamlea kwa machozi, anaondoka kwa neno moja." Wiki ya kwanza alingoja mdogo aje kuomba radhi. Wiki ya tatu alikuwa radhi aombe yeye, mradi mdogo atangulie kuja. Mwezi wa pili alipiga simu, akasikia inaita, akakata kabla haijapokelewa. Akafanya hivyo mara nne, siku tofauti. Habari alizipata kwa fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hakujaliwa kufunga mdomo: mdogo wako kapata kazi kwa fundi mwingine, mdogo wako ana mchumba, mdogo wako kaolewa. Hiyo ya mwisho Bi Pindo aliipokea akiwa na pini midomoni, akaendelea kupima pindo la mteja. Alikuwa ameahidi tangu mtoto yule ana miaka tisa kwamba gauni lake la harusi atalishona yeye. Kumbe lilishonwa na mkono mwingine, na hakujua hata kola yake ilikaaje.

Na gauni lake la kahawia aliendelea kulipunguza. Mshono wa pili alikuwa ameupitisha kwa uzi mweupe, wiki ileile ya mashati ya hoteli. Wa tatu kwa uzi wa kijani, wakati wa mapazia ya ofisi. Wa nne rangi ya damu ya mzee, wakati wa majoho ya wahitimu. Wa tano mweusi, wa suruali za walinzi. Wateja walimsifu. "Bi Pindo, wewe huzeeki! Angalia umbo hilo!" Naye akatabasamu. Hakukuwa na mtu wa kumwona akiwa na nguo ya kulalia.

Siku moja asubuhi, akiwa amebeba jora la kitambaa kutoka kwenye gari la mzigo, moyo ulimpiga vibaya akashindwa kupumua. Akaanguka barabarani, jora likafunguka likasambaa mpaka kwenye mtaro. Fundi viatu ndiye aliyemwinua. "Jirani," alisema akiwa amemshika mikononi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, "jirani, mbona huna uzito?"

*

Daktari alikuwa mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa binti yake. Alisimama nyuma ya kiti, akaweka vidole mbele ya shingo ya Bi Pindo, akasema, "Meza mate, mama." Bi Pindo akameza, na machozi yakamtoka. Hakuumia. Ni kwamba amepima shingo za watu kwa maelfu, na yake hakuna aliyeigusa tangu mdogo wake alipoondoka.

"Hili rovu umeliona lini?" daktari aliuliza.

"Rovu gani?"

Daktari akampa kioo. Lilikuwepo, laini, limejaa pande zote mbili. Bi Pindo alikuwa na kioo kirefu dukani, lakini kile kilikuwa cha wateja.

Alivuliwa gauni ili apimwe moyo, akatolewa damu, akaambiwa arudi baada ya siku tatu kwa majibu, akapewa na vidonge vya kuutuliza moyo. Aliporudi, daktari alimchorea kwenye karatasi. "Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi. Inaitwa thairoidi. Umbo lake kama kipepeo."

Bi Pindo akaitazama ile picha. "Kama tai ya wahudumu wa hoteli."

"Haya, kama tai. Kazi yake ni kutoa homoni, na hiyo homoni ndiyo inayoupa mwili mwendo. Moyo uende vipi, joto liwe kiasi gani, chakula kitumike haraka au polepole. Yako inatoa nyingi mno."

"Yaani ni kanyagio."

"Naam?"

"Kanyagio la cherehani. Limekwama chini, mashine inakimbia yenyewe."

Daktari akacheka. "Wengine nawaeleza nusu saa, mama. Ndiyo hivyo. Ndiyo maana unakula na hunenepi, unatoka jasho, hulali, mikono inatetemeka." Akaitazama ile mikono. "Hakuna mtu nyumbani aliyewahi kukuambia kwamba mikono yako inatetemeka?"

Bi Pindo akaivuta mikono yake chini ya meza. "Alikuwepo mmoja," alisema.

Alitaka kujua kaupatia wapi. Daktari akamwambia hakuambukizwa na mtu, hakulogwa, wala hakula kitu kibaya. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyojichanganya, ikawa inaisukuma tezi usiku na mchana. Ni ugonjwa unaowapata wengi, wanawake zaidi, na unatibika. "Ila nataka kujua ulianza lini. Umepungua kilo ngapi, na kwa muda gani?"

"Kilo sijui."

"Hata kukisia?"

"Sijui kilo, lakini gauni ninalo." Akaenda nyuma ya pazia, akalivua, akajifunga shuka ya hospitali, akatoka nalo limegeuzwa ndani nje. Akalitandaza mezani juu ya mafaili. Mishono mitano ilikuwa imepangana ubavuni, buluu, mweupe, kijani, damu ya mzee, mweusi, na kati ya mmoja na mwingine upana wa kidole. "Huu sare za shule. Mwezi wa kwanza. Huu mashati ya hoteli, mwezi wa tano. Huu mapazia..." Daktari alikuwa anaandika haraka. "Fundi," alisema, "hili gauni ni faili kuliko mafaili yangu yote."

Lakini Bi Pindo alikuwa amerudi kwenye mshono wa kwanza. Kidole chake kilikuwa juu ya uzi wa buluu. Mashati ya hoteli yalikuwa mwezi wa tano, na boksi la vifungo lilimwagika mwezi wa tano. Uzi wa buluu ulikuwa wa mwezi wa kwanza. Kumbe alikuwa mgonjwa miezi minne kabla ya kumfukuza mtoto wa mama yake.

"Daktari. Huu ugonjwa unaleta hasira?"

"Sana tu. Mtu anawaka kwa jambo dogo, mwenyewe hajielewi."

"Hata kumfukuza mtu wake wa pekee?"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Niandikie basi," Bi Pindo alisema. "Niandikie kwenye karatasi, upige na muhuri, kwamba haikuwa mimi."

Yule daktari alikuwa mdogo kwa umri lakini si mdogo kwa akili. Alifikiri kwanza. "Nitakuandikia kwamba unaumwa, mama. Na kwamba ugonjwa huu huongeza hasira, hilo pia nitaandika. Lakini maneno uliyoyasema siku ile, siwezi kukuambia lipi lilikuwa la tezi na lipi lilikuwa lako. Hakuna kipimo cha hilo."

Bi Pindo alivaa gauni lake akaondoka bila karatasi.

*

Akaanza vidonge vya kupunguza makali ya tezi. Akajifunza mambo ya ugonjwa wake kama alivyojifunza ushonaji, moja baada ya jingine, kwa kukosea. Alijifunza kwamba siku ya kidonge hairukwi. Alijifunza kwamba akipata homa na koo likamuuma, asinywe dawa ya dukani bali akimbilie hospitali apimwe damu, maana vidonge vile vinaweza kuishusha kinga. Alijifunza kwamba macho yake hayakuwa yakiwashwa na vumbi la vitambaa, ni ugonjwa uleule. Baada ya wiki sita mkono ulitulia akakata kitundu cha kifungo kikanyooka. Akakishika juu kwenye mwanga, akageuka upande wa cherehani ya pili kukionyesha.

Shuka ilikuwa palepale.

Hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake kubwa kuliko tezi. Kila alichojifunza kilikuwa jibu la swali ambalo mtu mwingine alikuwa na haki ya kulisikia, na mtu huyo alikuwa ng'ambo ya mji, hata mwendo wa saa moja haufiki. Kwa nini hakwenda? Usiniulize mimi. Aliyesema "usikanyage kizingiti changu" ni yeye, na maji yakimwagika hayazoleki. Kila alipopanga kwenda alijiona amesimama mlangoni kwa watu, anasema, "Ilikuwa tezi," na mdogo wake anajibu, "Na miaka yote kabla ya hapo, nayo ilikuwa tezi?"

Mwezi wa tano wa vidonge, daktari alimweleza njia tatu. Anaweza kuendelea na vidonge kwa mwaka au zaidi, ila vikiachwa ugonjwa mara nyingi hurudi. Anaweza kupasuliwa. Au anaweza kumeza kapsuli moja ya madini joto kama ya kwenye chumvi, ila yenye mionzi, ambayo tezi yenyewe huyavuta na kuungua nayo taratibu.

"Upasuaji sitaki," Bi Pindo alisema. "Mshono wa mtu mwingine shingoni mwangu? Nitaukosoa kila nikijitazama."

"Basi kapsuli. Lakini ujue, baadaye tezi inaweza kulala kabisa, na utahitaji kidonge kila asubuhi maisha yako yote. Na utaongezeka mwili."

"Nitaachia mishono. Ipo mitano."

Muuguzi ndiye aliyemjazia fomu. Alikuwa mpole, na aliuliza kwa kasi kama mtu anayesoma orodha aliyoizoea. "Baada ya kumeza, siku saba usikae karibu na mtu yeyote, hatua mbili au zaidi. Wajawazito na watoto wadogo, wiki tatu, na wasije kabisa ndani. Ulale peke yako. Kikombe chako, sahani yako, taulo lako. Haya, unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Unalala na mtu?"

"Hapana."

"Kuna mjamzito au mtoto anayekuja nyumbani?"

"Hakuna."

"Kuna mtu unayempikia, unayemuuguza?"

"Hakuna mtu."

Muuguzi akaweka alama za hapana kutoka juu hadi chini, ukurasa mzima, akatabasamu kumtia moyo. "Basi mama, kwako ni rahisi."

Bi Pindo alitembea hadi nyumbani na neno hilo. Rahisi. Walimpa kanuni za kumtenga mtu na watu, na yeye alikuwa anaziishi kabla hajapewa. Mwaka mzima watu aliowagusa ni wale aliowapima, na waliomgusa ni daktari na yule jirani aliyemwokota barabarani.

Alipofika hakupumzika. Alilifua gauni la kahawia, akalianika, likakauka, akalipiga pasi likiwa limegeuzwa ndani nje, mishono ikilala bapa, kila uzi unaonekana. Akalikunja akalitia kwenye mfuko. Akavuka barabara.

"Mpelekee mdogo wangu," alimwambia fundi viatu.

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Ana macho, nilimfundisha mwenyewe."

Fundi viatu akajikohoza. "Jirani, kuna jambo ulitakiwa ulijue kuhusu..."

"Nimekutuma mfuko, sijakuomba habari! Nenda."

Nimekuambia ulimi wake ulikuwaje. Mtu mzima miaka yote hajaweza kufunga mdomo, na siku pekee alipokuwa na la maana, akanyamazishwa.

*

Kapsuli ililetwa ndani ya kopo zito la risasi la kuzuia mionzi, ikamwagwa kwenye kikombe kidogo, akaimeza na maji. Haikuwa na ladha yoyote. Muuguzi alikuwa amesimama mbali, karibu na mlango, akampungia mkono. Bi Pindo alirudi kwa miguu, akipita upande wa barabara usio na watu, akafunga duka, akabandika karatasi mlangoni: FUNDI ANAUMWA, RUDI BAADA YA WIKI.

Siku ya kwanza alipanga nyuzi kwa rangi. Siku ya pili alizipanga upya. Alisikia wateja wakifika mlangoni, wakisoma, wakisema "maskini," wakienda zao. Alikula kwenye sahani yake na kuosha sahani yake. Koo lilimuuma kidogo, na hakukuwa na wa kumwambia koo linaniuma kidogo. Mara tatu alichungulia ng'ambo ya barabara. Fundi viatu alikuwa ameinama kwenye kiatu, na hakumtazama. Bi Pindo akajua gauni limefika na halikujibiwa.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alisikia hatua kwenye ngazi za mlangoni, na hakuhitaji kuuliza ni nani. Mtu akimlea mtoto anaijua miguu yake. Alikimbilia dirishani. Mdogo wake alikuwa amefika mlangoni, mfuko mkononi, mkono mwingine tayari kwenye kitasa, na mbele yake tumbo kubwa la miezi saba.

"Usikanyage!" Bi Pindo alipiga kelele. "Usikanyage hicho kizingiti! Rudi nyuma! Rudi!"

Mdogo wake akauachia mlango kama umemchoma. Uso wake ukawa uleule wa siku ya vifungo. Akageuka, akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi.

"Siyo hivyo! Jamani, siyo hivyo! Nina dawa mwilini!" Bi Pindo alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, kisha akakumbuka akaziachia, akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, hadi akagota kwenye cherehani iliyofunikwa. "Nimemeza dawa yenye mionzi. Itamdhuru mtoto. Ni kwa ajili ya mtoto, mdogo wangu, mimi sikufukuzi. Usiende. Kaa mbali, lakini usiende!"

Mdogo akasimama ngazi ya mwisho. Ng'ambo ya barabara fundi viatu alikuwa amesimama na nyundo mkononi, akapaza sauti, "Nilitaka kukuambia, ukanifukuza!"

"Wewe nyamaza!" dada na mdogo walimjibu kwa pamoja, na hapo wote wawili wakashangaa.

Fundi viatu akaleta kigoda chake bila kuombwa, akakiweka ukingoni mwa barabara, mbali na dirisha. Mdogo akaketi kwa uzito, akalitoa gauni la kahawia, akalitandaza juu ya magoti.

"Uzi wa buluu," alisema. "Huu niliutunga mimi kwenye mashine yako. Asubuhi ile uliniambia nikutungie, macho yalikuwa yanakuwasha." Akaupitisha kidole. "Nilikuwa nimekaa pembeni yako, dada. Fundi mzima. Nikakuona unapunguza gauni, na sikuuliza."

Bi Pindo alikuwa ameandaa maneno. Miezi mitano alikuwa ameyaandaa: tezi, homoni, kinga iliyojichanganya, uzi wa buluu umetangulia uzi mweupe, ushahidi upo. Yalikuwa mdomoni kabisa. Akayameza.

"Ulisema," alijibu. "Ulisema mkono unatetemeka. Nilikumwagia vifungo." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilimuuliza daktari lipi lilikuwa la ugonjwa na lipi langu. Akasema hakuna kipimo. Basi yote ni yangu. Nisamehe, mdogo wangu. Nisamehe na gauni la harusi sikulishona."

Mdogo wake alilia pale barabarani, watu wakipita na kugeuka, na Bi Pindo alilia ndani, na kati yao kulikuwa na dirisha, ngazi na kipande cha barabara. Alitaka kwenda. Alitaka kumfuta mtoto yule pua, kama zamani. Alishika ukingo wa cherehani nyuma yake na hakusogea.

"Lile gauni la harusi lilikuwa na kola mbaya," mdogo alisema baadaye, akipenga kamasi. "Ungelitukana."

Kisha akatoa wembe kwenye mkoba, akaanza kufumua. Alianza na uzi mweusi, wa mwisho kushonwa, akivuta polepole, nyuzi zikimwangukia juu ya tumbo. "Utanenepa," alisema bila kuinua kichwa. "Aliyekonda hivi akitibiwa, mwili hurudi. Nitafumua yote?"

"Acha wa buluu kwanza. Tuone."

Alikaa kiasi cha robo saa, kisha Bi Pindo mwenyewe akamwambia aende, jua limekuwa kali, na hakutaka kuongeza hata dakika moja. Mdogo akalirudisha gauni kwenye mfuko. Alisimama, akainua mkono hewani kama anataka kugusa kitu, akaushusha.

"Wiki tatu," alisema.

"Zimeisha siku mbili. Leo ya tatu."

"Zimebaki kumi na nane."

"Kumi na nane."

Bi Pindo alimtazama hadi alipokata kona, taratibu, mkono kiunoni kama wanavyotembea wote wenye miezi hiyo. Kisha akaitoa shuka juu ya cherehani ya pili, akaipangusa vumbi, akaitia mafuta. Hakuitungia uzi. Kiti chake akakivuta hadi dirishani, akaketi, mikono mapajani, na chumba kikawa kimya kuliko siku zote za mwaka ule. Alimkumbuka yule muuguzi na alama zake ukurasa mzima. Alikuwa amekosea. Haikuwa rahisi, haikuwa rahisi hata kidogo.